Rimoti Iliyokwenda Machimboni

Kambi ya machimbo, 2 Februari

Sindano,

Ukisikia watu huko wanasema mlima umehama, usiwabishie wala usiwaulize nani kauhamisha. Ni mimi. Siku niliyofika niliupiga nyundo moja tu, mlima ukaomba maji. Msimamizi akavua kofia yake ya plastiki akaniambia, "Kijana, pole pole, mwaka kesho tutachimba nini?" Wenzangu wanasema jina la Tingatinga halinitoshi tena, wanatafuta mashine kubwa zaidi ya kunipa jina lake. Wamekosa.

Mtandao hapa hakuna. Simu ukipanda nayo mpaka juu ya mwamba inakuonyesha saa tu, tena saa yenyewe ya uongo. Kwa hiyo nitaandika. Dereva wa lori la kokoto anapita mtaani kwenu, barua atamwachia Kinyozi, na Kinyozi kutoka kwenye kiti chake mpaka mlangoni kwenu ni hatua za mvivu. Mwandiko wangu usiucheke. Shule niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe, ingawa mwalimu mkuu ana maneno yake.

Sasa tuje kwenye jambo kubwa: deki yangu ya sidii niliyoiacha sebuleni kwenu. Najua majirani wanaisema. Eti ya bei ya chini, eti nyepesi kama sahani ya bati, eti mtu akipiga chafya inaruka. Waambie wepesi ndiyo ufundi wenyewe. Redio ya babu yako ilikuwa nzito kama tofali, ilionyesha picha? Haya.

Waya wa njano ukae kwenye tundu la njano, usisikilize mtu. Kile kisahani cha kuwekea sidii kikigoma kutoka, gonga ubavu wa kushoto kwa kiganja, taratibu, kama unamwamsha mtoto wa watu. Na ile sidii yangu ya filamu kumi ndani ya moja, ya kwanza tuliiona pamoja, wewe huku, mimi kule, na Mama yako katikati yetu kama mto wa kochi. Ya pili tutaiona nikirudi. Isionwe na mtu mwingine kabla yangu, hata kwa bahati mbaya.

Shikamoo nyingi kwa Mama.

Mimi mwenye mlima,
Tingatinga

*

Kambi ya machimbo, 2 Februari

Kinyozi,

Iliyofungwa vizuri ni ya Sindano, mpelekee. Hii iliyokunjwa ovyo ni yako. Ukizikosea nitakuja kukunyoa mimi, kwa kipande cha chupa.

Sikiliza akili ya mtu mzima. Rimoti ya ile deki ninayo. Ndiyo, hapa, mfukoni mwa suruali ya kazi, na betri zake. Siku ninaaga, Sindano kaenda jikoni, Mama kainama anatafuta kiatu, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kochi. Hata mimi nilishangaa.

Usinihukumu, fikiri. Deki ile usoni ina vitufe vitatu: cha kufungua, cha kuanzisha, cha kusimamisha kabisa. Bila rimoti inacheza kile cha kwanza kilichomo, kikiisha inaanza tena. Sasa nimeacha nyumba ile na msichana mzuri, deki, na mlango usiofungwa mpaka jioni. Unawajua vijana wa mtaa. Leo kaja kuangalia filamu, kesho anamwangalia mwenye filamu. Waje! Watakuta filamu ya kwanza. Kesho yake, filamu ya kwanza. Watamkariri yule jambazi mpaka wamwonee huruma, kisha watatawanyika wenyewe. Mimi nitarudi na ya pili mfukoni.

Nani mwingine angewaza hivyo? Mwalimu mkuu? Thubutu.

Nyoa taratibu, wewe huwa unakata masikio.

Tingatinga

*

16 Februari

Tinga,

Barua yako imefika na vumbi lake. Nadhani sehemu ya huo mlima uliouhamisha iliingia ndani ya bahasha. Mama anasema marahaba, na anauliza kama unakula, kwa sababu anasema mtu anayejisifu hivi ana njaa.

Nina habari mbaya. Rimoti imepotea. Tumeitafuta mpaka tumepata vitu ambavyo hatukujua tumevipoteza. Mama aligeuza kochi miguu juu, tukakuta kifungo cha koti, kitana, mfuniko wa sufuria, na ile peremende uliyoapa kwamba umeshaila. Rimoti hakuna.

Ingekuwa filamu tu nisingejali. Lakini nimenunua sidii ya mafunzo ya ushonaji. Ina masomo chungu nzima: kola ya kusimama, zipu ya kuficha, mikono ya gauni la harusi. Somo la kwanza ni jinsi ya kushika futi ya kupimia. Tinga, mimi nashika futi tangu nina meno ya utoto! Kila nikiweka sidii, yule mwalimu anatokea, anatabasamu, ananikaribisha, ananionyesha futi. Nikiizima nikiiwasha, ananikaribisha tena. Mama sasa anamwitikia, "Ahsante, tumeshakaribia."

Na nina haraka. Binti wa mwenye duka la vyombo anaolewa mwezi ujao, na gauni kanipa mimi. Mimi! Siyo yule fundi wa barabarani mwenye cherehani nne. Ni gauni langu la kwanza la harusi, na likitoka vizuri nitakuwa nimetoka na mimi. Likiharibika, nitarudi kutia viraka magoti ya suruali za watoto wa shule.

Bahati nzuri, jana Fundi Risasi alisikia. Ni yule anayetengeneza redio pale kona, anaitwa hivyo kwa ajili ya risasi anayounganishia nyaya. Ana rimoti moja inayoendesha deki za kila aina, unaikisia namba mpaka deki ikubali. Aliikisia akiwa amechuchumaa, mara deki ikaitika. Nimeona somo la mikono, Tinga. Machozi yalinitoka kidogo, usimwambie mtu.

Rimoti ile ni chombo chake cha kazi, hawezi kuiacha. Kwa hiyo akifunga kibanda jioni anapita, ananibonyezea somo, anaondoka. Anakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Ni mtu wa maneno machache.

Usiibebe milima yote peke yako, waachie na wenzako.

Sindano

*

Kambi ya machimbo, 20 Februari

Sindano,

Nimecheka sana. Ha ha. Umeona nilivyocheka? Wenzangu wameuliza kama naumwa.

Kwanza, sina wivu. Wivu ni ugonjwa wa watu wafupi, na mimi hapa naitwa kufungua madirisha ya juu. Nauliza tu kwa ajili ya usalama wa deki. Kigoda kipi? Kile nilichokuwa nakalia mimi, chenye mguu mmoja mfupi? Basi mwambie akikalie upande wa mguu mfupi.

Risasi namfahamu. Alitengeneza redio ya mjomba wangu, tangu siku hiyo inashika stesheni moja, nayo ni ya kukoroma. Jina Risasi, mwendo wa konokono. Na hilo la kuwa mtu wa maneno machache lisikudanganye. Paka naye hana maneno, mwulize samaki.

Pili, jambo la kitaalamu. Hizo rimoti za kubahatisha zina mionzi mikali. Lenzi ya deki yangu haijaizoea, itapofuka. Kama ni lazima abonyeze, abonyeze akiwa nje, dirishani. Mionzi inapenya kioo, hilo nimelisomea. Akishabonyeza aende zake, hana haja hata ya kuingia, atakuchafulia sakafu.

Tatu, sioni kwa nini unahangaika na masomo. Wewe ni fundi. Gauni ni gauni, tundu la kichwa, matundu mawili ya mikono, basi. Bibi harusi siku ile hakuna anayemwangalia mkono wa gauni, watu wanaangalia chakula. Funga macho ukate.

Rimoti itaonekana tu. Vitu vya nyumbani haviendi mbali.

Jana nimepasua jiwe kubwa kama nyumba ya mwenyekiti wa mtaa. Lilisema "samahani" kabla ya kupasuka.

Wako asiye na wivu hata kidogo,
Tingatinga

*

27 Februari

We Tinga,

Barua zako zote nimezifikisha na sijakata sikio la mtu wiki nzima, kwa hiyo nisikilize kama mtu mwenye heshima zake.

Unajua nikinyoa nawapa mgongo, lakini kioo changu kinatazama moja kwa moja mlangoni kwao. Sichungulii, kazi yenyewe inanionyesha. Sasa nikuambie kioo kimeona nini.

Mwanzoni kigoda kilikuwa mlangoni, mguu mmoja wa jamaa ndani, mwingine nje, kama mtu anayengojea mvua ikatike. Siku hizi kigoda kiko kando ya cherehani. Siyo ujanja, ni kazi. Somo linakimbia, mkono wa binadamu hauwezi kulifuata, kwa hiyo lazima lisimamishwe kila mara. Sindano anasema "Simamisha," jamaa anasimamisha. "Rudisha kidogo." Anarudisha. Anakata, anapima, anafikiri, jamaa ameshika rimoti hewani kama ameshika ndege asiruke. Mama naye yuko pale anamkosoa mwalimu wa kwenye sidii: "Huyu naye, mbona pasi yake haina moto?"

Lakini hapo ndipo utakapokaa chini, ndugu yangu. Siku hizi Sindano hasemi tena "simamisha." Akiinua mkasi tu, picha inasimama. Akiinamisha kichwa, inaendelea. Juzi mteja wangu alikuwa na povu nusu uso, na mimi nimesahau wembe hewani nawatazama. Mteja akaniuliza, "Kuna nini?" Nikamwambia, "Kuna somo la mikono."

Na ana kikombe chake. Cha bluu. Kinaning'inia kwenye msumari karibu na vya wenyeji. Nimeuliza kwa ujanja, Mama akasema, "Mtoto wa watu anatoka kazini, atakunywa kwenye nini, kiganja?"

Fimbo ya mbali haiui nyoka, Tinga, na hapa hata nyoka sijamwona, nimemwona mtu mstaarabu tu, na hilo ndilo baya zaidi. Mpe dereva rimoti akija. Iviringe kwenye gazeti, andika ni dawa ya mba. Mimi nitaidondosha nyuma ya kochi nikienda kuomba chumvi. Mama ataikuta akifagia, atapiga kigelegele, Risasi atabaki hana cha kubonyeza. Hutajulikana. Lakini iwe wiki hii.

Kinyozi

*

Kambi ya machimbo, 6 Machi

Kinyozi,

Ushauri wako ulikuwa mzuri na niliufuata mpaka katikati. Nilikuwa nimeshaiviringa kwenye gazeti. Nimeifunga kamba. Nimeandika "dawa ya mba, usinuse." Dereva amewasha lori, mkono wangu uko dirishani kwake. Nikasema ngoja niisome barua yako mara ya mwisho, nisije nikakosea maelekezo. Nikafika kwenye kikombe.

Cha bluu! Mimi nimekunywa nyumba ile tangu sijaota ndevu, na sijawahi kupewa kikombe. Nanywea kile cha wageni chenye ufa, ambacho ukikikosea upande kinakunywea wewe. Nilidhani ndicho changu. Nilikuwa nakipenda.

Kwa hiyo nimeifungua kamba. Dereva akaniuliza, "Vipi, mba imepona?" Nikamwambia aangalie barabara yake.

Sasa hebu fikiri, nikiirudisha itakuwaje? Sindano atafurahi, atamaliza masomo, gauni litapendeza, mtaa mzima utamsifu. Na akikumbuka furaha hiyo atamkumbuka nani? Mimi niliyelala kwenye vumbi? Atamkumbuka aliyechuchumaa mbele ya deki. Yaani nimtengenezee Risasi sherehe kwa rimoti yangu mwenyewe? Sijawa mjinga kiasi hicho. Shule nilifika nusu, ujinga sikumaliza.

Nimepata njia safi zaidi. Deki ni ya nani? Ni yangu. Mwenye deki akisema izimwe, inazimwa. Ikizimwa, Risasi atakuja kubonyeza nini? Ukuta? Barua ya Sindano iko humo. Mpelekee leo leo, usinyoe mtu kwanza.

Na hicho kikombe, ukienda kuomba chumvi, kiangushe. Sema ni bahati mbaya.

Tingatinga

*

Kambi ya machimbo, 6 Machi

Sindano,

Leo sina utani, kwa hiyo usitafute mahali pa kucheka.

Deki ile ni mali yangu. Niliinunua kwa jasho langu, nikaibeba kichwani kutoka dukani huku watu wote wa mtaa wanaona, nikaiweka sebuleni kwenu mbele ya Mama. Kila mtu mwenye macho anajua deki ile imekaa pale kwa niaba ya nani. Haikuwekwa pale ili wapita njia waifanye kituo cha jioni.

Naomba izimwe. Siyo naomba, nasema. Chomoa waya wa njano, mwekundu na mweupe, ifunike, ikae hivyo mpaka nirudi. Asiiguse mtu, na hasa asiiguse mtu wa redio. Kama anapenda masomo ya mikono ya gauni, anunue deki yake, akae nayo kibandani, ashone.

Hizo habari za kuinua mkasi na picha kusimama nimezisikia. Usiulize kwa nani. Huku milimani kuna mwangwi.

Sikasiriki. Nimesema tu.

Tingatinga, mwenye deki

*

25 Machi

Tinga,

Deki yako hii hapa, dereva ameahidi kuipakata asiiweke juu ya kokoto. Nyaya zote tatu zimo. Sidii yako ya filamu imo pia, na ya pili haijaonwa na mtu yeyote wa nyumba hii. Nimeifunga kwa kitambaa kilichobaki cha gauni, usikitumie kufutia mikono.

Barua yako ilifika wakati mkono wa kulia umekaa na wa kushoto haujakatwa. Niliizima deki siku hiyo hiyo, kama ulivyosema. Ni mali yako, na mimi sishoni kwa mali ya mtu aliyenikataza. Mkono wa kushoto nimeushona kwa kumbukumbu. Nimeufumua, nikaushona, nikaufumua, mpaka kitambaa kikaanza kuchoka. Mara mbili nilitaka kwenda kumwambia mwenye duka la vyombo amtafutie binti yake fundi mwingine. Mama akanikalia mlangoni. Mwisho ukakaa. Siku ya harusi binti aliinua mikono yote miwili kucheza, mimi nimejificha nyuma ya mlango nimeziba masikio nisisikie ukichanika. Haukuchanika. Watu watatu wameshaniletea vitambaa.

Lile neno lako, kwamba gauni ni matundu, nimelibandika ukutani juu ya cherehani. Nikichoka nalisoma, nguvu zinanirudia.

Sasa nikuambie jingine, ulisikie kwangu kabla ya kwa Kinyozi. Siku ile nilipozima deki nilimtuma mtoto wa jirani akamwambie Fundi Risasi asisumbuke kuja, hakuna cha kubonyeza. Jioni akaja. Hakuwa na rimoti, mikono mitupu. Mama akamwambia, "Baba, hukupata ujumbe? Deki imezimwa." Akasema ameupata. Mama akasema, "Basi umekuja kwa lipi?" Akasema, "Nimekuja kumuuliza Sindano jambo, na ningependa na wewe Mama usikie."

Akaniuliza. Hivyo tu, amesimama, kofia kwapani, kama nitakubali kuolewa naye. Mimi nilikuwa na pini mdomoni, sikuweza kujibu mpaka nizitoe. Nilizitoa moja moja, taratibu, nikawa nawaza. Nilikuwaza na wewe, Tinga, sikufichi. Niliwaza sana juu yako kwenye zile pini. Zilipokwisha nikamwambia ndiyo.

Kuhusu rimoti, Mama aligeuza kochi mara ya pili kisha akasema kwetu vitu havipotei, huchukuliwa. Sikuulizi. Na Kinyozi usimkasirikie, hajafungua mdomo. Ila kila nikitaja rimoti anamkata mtu sikio.

Ule vizuri. Usisimame chini ya mawe.

Sindano

*

Kambi ya machimbo, 3 Aprili

Sindano,

Deki imefika salama. Mimi pia ni mzima, nguvu zimezidi, na jana nilibeba jiwe ambalo... Basi, lilikuwa jiwe la kawaida. Tulilibeba wanne.

Kitambaa nimekinyoosha nimekiweka chini ya mto. Sifutii mikono.

Hongera. Nimeiandika, nimeifuta, nimeiandika tena, ndiyo maana karatasi hapa imekuwa nyembamba. Hongera. Na gauni, hongera ya pili. Lile neno la matundu libandue ukutani tafadhali, au liache, upendavyo. Lilikuwa neno la mtu ambaye hajui hata kushona kifungo.

Msimamizi ana TV ofisini kwake. Aliposikia nimeletewa deki akaturuhusu kuiunganisha siku ya mapumziko. Wakaja wote, mpishi, walinzi, hata dereva. Wakasema, "Sasa rimoti iko wapi?" Nikaitoa mfukoni mbele za watu. Ndiyo, Sindano. Ninayo. Nilikuwa nayo tangu siku ninaondoka. Vitufe vyake vimefutika kwa vumbi, namba mbili haisomeki kabisa, lakini kidole changu kinaijua ilipo kwa jinsi nilivyokuwa naipapasa. Mwambie Mama kochi lake halina makosa.

Nikabonyeza ya pili. Nikawaambia wanyamaze, kwamba filamu hii imetunzwa kama yai, haijaonwa na jicho. Ikaanza. Tukaangalia kidogo. Mpishi akasema, "Huyu jambazi mbona namjua?" Ni ile ile, Sindano. Ni ya kwanza, wameipa jina lingine tu. Na ya tatu ni hiyo hiyo, picha imegeuzwa, jambazi anatumia mkono wa kushoto. Walicheka mpaka mlinzi akaangusha kirungu. Mimi nilitoka nje nikasema macho yameingia vumbi, na kwa kuwa huku kila kitu ni vumbi, hakuna aliyebisha.

Sasa nitaendelea kumtukana Risasi? Nimejaribu. Nimekaa na kalamu nimtafutie tusi, kila ninalolipata linaishia pale aliposimama na mikono mitupu. Kama angekuja na rimoti ningekuwa na la kusema. Nina wivu naye, nilisema sina, ninao, unaniwasha kama pilipili iliyoingia chini ya kucha. Siyo kwa ajili ya kikombe, ingawa na kikombe kipo. Siyo kwa kigoda. Namwonea wivu kwa ile nafasi fupi ya pini, mtu amesimama hajui atajibiwa nini, na anangoja.

Maana hiyo rimoti nimeiungama, lakini ni jambo dogo, ningeweza kuirudisha siku yoyote na dunia ingeendelea. Liko jingine ambalo sikumwambia Kinyozi, wala sikujiambia. Siku ninaondoka ulinisindikiza mpaka kwenye lori. Mama alibaki mlangoni, kwa makusudi, nadhani. Begi langu lilikuwa limeshapanda. Ukasimama karibu, ukashika ukingo wa lori, ukaniangalia ukaniuliza, "Tinga, una la kuniambia kabla hujaenda?" Nikajua kabisa unauliza nini. Nilikuwa nalo, lilikuwa hapa kooni, la zamani kuliko deki. Wewe ukangoja. Dereva akapiga honi, wewe bado unangoja. Mimi, mhamisha milima, nikaona deki imeshakaa sebuleni kwenu, itakuambia yenyewe. Nikakujibu, "Ifunike kwa kitambaa, vumbi linakula lenzi."

Mimi,
Tinga